Mtoto abaki na nani? Bibi, dada wa kazi, kituo au zamu za majirani

Likizo ya uzazi ikibaki wiki mbili, kila mtu anageuka mshauri. Mmoja atakwambia hakuna kama damu, mpeleke kwa bibi yake. Mwingine atakwambia kituoni watoto wanachangamka, wa kwake aliwahi hata kuongea. Wa tatu ana dada wa kazi ambaye "ni kama ndugu yangu". Wa nne kapanga na wenzake hapo jirani, wanapokezana siku. Wote wanasema kweli, maana kila mmoja anasimulia nyumba yake.

Nimepita kote huko kwa watoto wawili. Mwanzoni nilikuwa nauliza nani ana upendo zaidi, nani ana ujuzi, nani ana gharama nafuu. Siku hizi nauliza kitu kimoja kabla ya hivyo vyote: jioni nikirudi, habari za mchana wa mtoto wangu zitanifikia? Na nikisema neno, litasikika? Malezi yakishagawanywa kati ya watu wawili, watatu, wanne, panapovujia ni pale mlangoni, kwenye makabidhiano. Kwa hiyo nitawalinganisha hawa wanne kwa siku zao mbaya, kwa sababu siku njema zote zinafanana.

Wanne wenyewe

Bibi namtumia kwa niaba ya ndugu wote: mzaa mama, mzaa baba, shangazi, mama mdogo, na babu pia (mababu walezi wapo, tena hodari, ila huwa tunawasahau). Nguvu yake haina mshindani: mtoto akifika miaka ishirini, bado huyu ni bibi yake. Hakuna mlezi wa kulipwa anayeweza kuahidi hivyo. Lakini usidanganyike kwamba ni bure. Unalipa kwa kumeza maneno.

Dada wa kazi anakuja kwako. Mtoto haamshwi alfajiri, analala kitandani kwake, akipata mafua hakuna wa kumrudisha. Tatizo ni kwamba tunamwajiri kulea, halafu tunamkagua kwa sakafu. Mama anaingia jioni, jicho la kwanza linakwenda kwenye vyombo, la pili kwenye nguo, mtoto ni wa tatu. Mtu anayepimwa kwa sakafu atamweka mtoto mbele ya runinga ili sakafu ing'ae. Ningekuwa yeye, ningefanya vivyo hivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi skrini kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, na mwenye miaka 2 asizidishe saa moja kwa siku. Ukitaka mwongozo huo ufuatwe nyumbani kwako, anza kwa kupunguza orodha ya kazi.

Kituo kina watu zaidi ya mmoja, ratiba, na watoto wenzake. Usivutwe na picha za ukutani. Uliza mtu mzima mmoja anashika watoto wangapi. Uingereza, kwenye vituo vya England, sheria inataka mtu mzima mmoja asizidishe watoto 3 walio chini ya miaka 2. Huenda ulipo hakuna kanuni kama hiyo, ila ibebe kichwani kama kipimo. Ukifika ukakuta mlezi mmoja na wachanga wanane, jiulize moshi ukianza kutoka jikoni, atatoka na wangapi mkononi.

Zamu za majirani ni wazazi wanne au watano, kila mmoja na siku yake ya kukaa na watoto wote. Ni mpango adimu, kwa kuwa unahitaji watu ambao ratiba zao za kazi zinapishana. Naupenda sana na unanitia wasiwasi sana, nitaeleza.

Homa saa tatu asubuhi

Kifungua mimba wangu alikuwa na miezi kumi na minne, anabaki na shangazi yake. Usiku alikuwa na joto. Saa moja na nusu asubuhi nikampa paracetamol ya maji, kisha nikamkabidhi mlangoni, mguu mmoja ukiwa tayari nje. Nilichosema ni hiki: "Usiku alikuwa na joto kidogo." Basi, nikakimbia.

Saa tatu shangazi akamgusa paji la uso, akaona bado linawaka. Chupa iko pale pale juu ya kabati. Akasoma kipimo, akampa kamili, bila kukosea hata tone. Ni mtu makini kuliko mimi. Dawa ile inatakiwa ipishane saa nne hadi sita kati ya dozi na dozi, na zisizidi dozi nne kwa siku nzima. Yeye angejuaje kwamba imepita saa moja na nusu tu? Mtoto hakudhurika, lakini jioni nilipoiona chupa imepungua kuliko nilivyoiacha, miguu iliishiwa nguvu. Sentensi moja niliyoimeza kwa kuwahi basi.

Tangu siku hiyo kuna karatasi imebandikwa ndani ya mlango wa kabati: saa, dawa, kipimo, aliyetoa. Kalamu imefungwa kwa uzi, kwa sababu kalamu zisizofungwa hupotea.

Sasa weka wanne wale kwenye asubuhi hiyo. Kituo chenye utaratibu ndicho kinashinda kwa usalama. Hakitoi dawa bila maandishi yako, na joto likipanda wanakupigia uje umchukue. Usalama huo ndio unaokuudhi, maana unatoka kazini saa nne, na bosi anakuangalia. Bibi atambeba mchana kutwa na hatakupigia. Utakuta kila kitu kimeshapita, na utaambiwa "sikutaka kukusumbua mwanangu." Ni huruma, ila umenyimwa habari. Dada wa kazi ama atakupigia au atanyamaza, na hilo linategemea ulivyoipokea habari mbaya ya mwisho. Ukimfokea leo kwa sababu mtoto kaanguka, kesho mtoto akianguka hutajua. Majirani ndio dhaifu hapa. Mtoto mwenye homa hapelekwi penye wenzake wanne, kwa hiyo anabaki kwako, na kama leo ilikuwa zamu yako wewe, nyumba tano zimekwama asubuhi moja.

Mlezi akikosekana, au akibadilika

Kituo hakifungi kwa sababu mtu mmoja anaumwa, ingawa kina likizo zake ambazo hazifanani na zako. Bibi akisafiri, umekwama. Majirani wanabadilishana siku. Dada wa kazi ndiye anayeondoka moja kwa moja, wakati mwingine kwa ujumbe wa simu, na anayeumia zaidi ni yule mdogo ambaye wiki nzima anasimama dirishani akimwita jina.

Kubadilika kwa walezi si jambo dogo. Kule Israeli, kwenye makazi ya kijamaa yanayoitwa kibbutz, kwa miongo kadhaa watoto hata wachanga walilala kwenye nyumba za watoto, mbali na wazazi, wakiangaliwa usiku na walinzi wa zamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 uliwalinganisha wachanga hao na wenzao wa kibbutz waliolala kwa wazazi. Mchana makundi yote mawili yalikuwa kwenye vituo vizuri. Waliolala nyumbani, 80 kati ya 100 walionekana kumwegemea mama kwa kujiamini, yaani hata wakifadhaika akiondoka, akirudi wanapoa. Waliolala nyumba za pamoja walikuwa 48 tu kati ya 100. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 utaratibu huo ulikuwa umeachwa.

Nikiusoma utafiti huo kama mama, naona kwamba mchana wa kituoni haukuwaharibu. Shida ilikuwa kulia usiku na kuijiwa na sura nyingine, pengine baada ya muda mrefu. Ndiyo maana zamu za majirani zinanitia wasiwasi kwa mtoto mchanga: nyumba tano, mikono mitano, vitanda vitano kwa wiki. Kwa mwenye miaka mitatu ni sherehe. Kwa mwenye miezi mitano ni kumtembeza.

Swali hilo hilo lipeleke kituoni. Usiulize wana walezi wangapi, uliza wangu atashikwa na nani, na huyo ana muda gani hapa. Kituo ambacho kila baada ya miezi miwili kina sura mpya kina ugonjwa, hata kama kuta zimepakwa rangi vizuri.

Nani anaruhusiwa kumkanya

Hapa ndipo undugu na majirani vinapovunjika, mara nyingi kwa jambo dogo kuliko mtu anavyodhani.

Nilipojifungua wa pili, mama yangu alikuja kukaa. Nikamkuta kamlaza mtoto kifudifudi.

"Mama, wanasema alale chali."

"Wewe nilikulaza tumbo. Umekufa?"

Nitajibu nini? Na hakuwa mjinga. Zama zake wataalamu wenyewe walikuwa wakifundisha hivyo. Ushauri uligeuka miaka ya 1990, nchi kadhaa zilipoanza kampeni za kuwalaza wachanga chali, na vifo vya ghafla usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu katika nchi nyingi kati ya hizo. Nilimweleza, akanisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Kilichosaidia ni kwenda naye kliniki. Nesi, binti mdogo kuliko mimi, akamwambia, "Bibi, siku hizi tunawalaza chali, na godoro lisiwe laini." Akaitikia, "Sawa mwanangu." Jioni akawa ananifundisha mimi.

Nimeisimulia kwa sababu watu wakisema jamii nayo inalea, wengi wanamfikiria jirani mwenye fimbo. Mimi namfikiria nesi yule. Kuna maneno ambayo binti hawezi kumwambia mama yake yakaingia, anahitaji kinywa cha mtu wa nje mwenye mamlaka. Ukichagua bibi, mpeleke kliniki mara moja moja. Inakuokolea ugomvi wa mwaka mzima.

Kupiga ni habari nyingine. Sweden ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku adhabu ya viboko hata nyumbani, mwaka 1979. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ibara ya 19, unataka mtoto alindwe dhidi ya ukatili akiwa mikononi mwa wazazi au mtu mwingine yeyote anayemlea. Huyo "mwingine yeyote" ndiye tunayemchagua hapa. Sasa ukimuuliza mlezi, "Unapiga watoto?" atakujibu hapana. Wote wanajibu hapana. Muulize hivi: mtoto akimng'ata mwenzake, unafanyaje?

Kwenye kituo kimoja niliambiwa kwa tabasamu kabisa, "Tunamng'ata na yeye kidogo, asikie uchungu." Kwenye kingine mama mmoja aliacha kukunja nguo, akafikiri, akasema, "Namchukua kwanza aliyeng'atwa, nambembeleza. Yule mng'ataji anabaki anatuangalia. Wanachotaka wote ni mikono yangu." Nikaandikisha siku hiyo hiyo.

Kwa zamu za majirani, kaeni mkubaliane mapema, tena kwa mifano: akikataa kula, akimwaga, akitukana, akimpiga mdogo. Atakayeshangaa kwamba jambo dogo hivyo linajadiliwa ndiye wa kusikiliza kwa makini. Kukanya ni ruhusa ya kila mtu mzima aliyepo, kwa mdomo, na mzazi anaambiwa jioni. Kuadhibu kunabaki kwa mzazi. Nimeona makundi mawili yakivunjika. Moja lilivunjika kwa kofi. La pili lilivunjika kwa sababu mama mmoja alizoea kuchelewa kuchukua na hakuna aliyetaka kumwambia. La pili ndilo lilinisikitisha zaidi.

Macho mangapi

Hili nitalisema bila kuzunguka. Wanaowadhuru watoto kingono kwa sehemu kubwa ni watu wanaofahamika na mtoto au familia, kwa hiyo "ni ndugu" au "namjua" si ulinzi. Kinachosaidia ni macho zaidi ya moja na milango isiyofungwa. Hapo kituo kizuri kina ubora: watu wazima wawili chumbani, mzazi anaruhusiwa kuingia saa yoyote. Ukiambiwa wazazi hawaruhusiwi kuja bila taarifa, usiombe maelezo, ondoka. Uliza pia kama kimesajiliwa na lini kilikaguliwa mara ya mwisho. Mkataba ule ule, ibara ya 18, unawapa wazazi wote wawili jukumu la kwanza la malezi, kisha unaitaka serikali iwasaidie na ihakikishe watoto wa wazazi wanaofanya kazi wananufaika na huduma za malezi. Kituo kisichokaguliwa kinakuachia wewe peke yako kazi ya ukaguzi.

Dada wa kazi yuko peke yake na mtoto kwa saa tisa, na mtoto hajui kusema. Hapo jirani ndiye jicho la pili. Mtambulishe dada kwa jirani siku ya kwanza, kwa heshima. Asimchunge, wawe wanajuana. Na yeye pia apate pa kukimbilia mtoto akikabwa na chakula. Kwa zamu, na hata kwa bibi, uliza nani mwingine anashinda nyumba ile: vijana, wapangaji, wageni wa mara kwa mara. Ni swali gumu kumuuliza rafiki. Uliza.

Umri unabadilisha jibu

Marekani walianza mwaka 1991 kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,300 tangu kuzaliwa, wengine wakiwa na mama, wengine kwa ndugu, wengine vituoni. Walichokuta kinapoza moyo: mambo ya nyumbani, kama namna mama anavyomwitikia mtoto, yalikuwa na uzito kuliko aina ya mlezi wa mchana. Malezi bora ya mchana yaliendana na lugha na uelewa wa juu kidogo. Saa nyingi mno za kituoni ziliendana na ukorofi kidogo zaidi. Maneno ya kushika ni "kidogo" na "bora".

Kwa hiyo chini ya mwaka mmoja nachagua mikono michache, bibi au dada wa kazi mwenye kazi moja ya kulea. Kati ya mwaka na mitatu, yeyote kati ya watatu wa mwanzo, mradi habadiliki. Baada ya mitatu kituo kinampita bibi kwa mambo mengi, hata kwa nusu siku. Nusu siku kituoni na nusu kwa bibi ndio mpango ulionifaa kuliko yote, ingawa unaongeza makabidhiano ya kila siku.

Akianza shule ndipo zamu za majirani zinapong'ara, saa zile za kutoka darasani hadi jioni. Na msije mkadhani zinaisha akivunja ungo au kubalehe. Iceland mwaka 1998, vijana 42 kati ya 100 wa miaka 15 na 16 walisema walilewa ndani ya mwezi uliopita. Mwaka 2016 walikuwa 5 kati ya 100. Walipitisha sheria ya saa za kuwa nje, watoto wa hadi miaka 12 wawe ndani saa mbili usiku, wa 13 hadi 16 saa nne, na kiangazi wanaongezewa saa mbili. Serikali ikalipia michezo na muziki baada ya shule. Na wazazi wa darasa moja wakawa wanasaini makubaliano yao wenyewe, kwamba hakuna atakayeruhusu sherehe isiyo na mtu mzima. Hilo la kusaini ndilo lililonivutia, maana "mbona fulani karuhusiwa?" inakosa pa kusimama.

Ukishaamua

Kama bibi yupo, ana nguvu na anataka (muulize kama anataka, wengi hawaulizwi), anza naye mwaka wa kwanza. Kama kumwambia neno ni vita, mlipe mgeni, mbaki mnapendana. Kama ni dada, mwajiri alee, mshahara wake usicheleweshwe, na ukubali sakafu yenye vumbi. Kama ni kituo, pita siku mbili kwa saa tofauti, moja iwe saa ya kulala mchana, ndipo utaona nani anabembelezwa na nani anaachwa alie. Kama ni majirani, msizidi nyumba nne, na mwandike.

Yeyote utakayemchagua, ondoka nyumbani dakika kumi mapema kuliko unavyohitaji. Asubuhi sema manne: amelalaje, amekula nini, amepewa dawa gani saa ngapi, nani atamchukua. Jioni, kabla ya kupokea mkoba, uliza: "Leo amelia lini?" Ukiuliza "ameshindaje," utajibiwa "salama."